Nenda na Swali Lako: Mhadhara kwa Wanaojiandaa na Mkutano wa Teknolojia

Shikamooni wakubwa zangu, na habari zenu wenzangu wote.

Kabla sijaanza, naomba kila mmoja achukue karatasi iliyo mezani pake aandike tatizo moja la kazini lililomshinda mwaka huu. Moja tu. Usiandike "usalama wa mtandao" wala "akili mnemba". Hayo ni majina ya mada. Andika kama unavyomweleza mwenzako mnapokabidhiana zamu: seva ipi, inafanya kazi gani, inakwama wapi, umeshajaribu nini. Ukimaliza ikunje uiweke mfukoni. Tutaihitaji.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhudhuria mikutano na maonyesho ya teknolojia, kwa sababu wengi wenu mnakwenda kwa mara ya kwanza. Mimi nilipokwenda mara ya kwanza niliingia kila mada iliyokuwamo kwenye ratiba, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, siku 3 mfululizo. Nilijaza daftari zima. Niliporudi, mkuu wa kitengo aliniuliza, "Sasa tubadilishe nini?" Sikuwa na la kumjibu. Daftari lilikuwa limejaa mambo ya watu wengine, kutoka kampuni zenye seva elfu kadhaa, na sisi tulikuwa na 14. Niliumia sana siku ile, maana nilijua fedha zilizonipeleka zingeweza kununua diski tulizokuwa tunazihitaji.

Mwaka uliofuata tulipatwa na msiba wa kazini. Diski zilizobeba hifadhidata yetu kuu zilikufa. Nakala rudufu tulikuwa nayo, tena ilikuwa ikichukuliwa kila usiku bila kukosa, na kuichukua hakukuzidi saa 3. Tukajiambia kurejesha nako kutachukua saa 3. Kulichukua saa 19. Watu walikuja kazini asubuhi wakakuta mfumo haupo, wakaondoka jioni haujarudi. Mkutano uliofuata nilikwenda na swali hilo moja: kwa nini kuhifadhi kuchukue saa 3 na kurejesha kuchukue saa 19?

Ratiba nzima haikuwa na mada ya jambo hilo. Jibu nililipata kwenye foleni ya chai, kwa mtu aliyekuwa nyuma yangu, ambaye naye alikuwa amewahi kuungua hivyo hivyo. Alinichorea juu ya bahasha. Nakala yetu ilikuwa ya maandishi, yaani rundo la amri za kuingiza safu moja baada ya nyingine. Wakati wa kuhifadhi, hifadhidata inasoma tu na kumwaga. Wakati wa kurejesha inatekeleza kila amri upya, na kwa kila safu inayoingia inarekebisha faharasa zote za jedwali, yaani orodha zinazosaidia kuitafuta data haraka. Akaniambia: ingiza data kwanza bila faharasa, faharasa zijengwe mwishoni kwa mkupuo, na kwa hifadhidata kubwa achana na maandishi, chukua nakala ya mafaili yenyewe pamoja na kumbukumbu za miamala, yaani rekodi ya kila badiliko lililofanywa kwenye data. Halafu akaniuliza, "Mmewahi kujaribu kurejesha siku ambayo hakuna kilichoharibika?" Hatukuwahi. Tangu mwezi ule tunajaribu kila mwezi, na saa 19 zimekuwa 4 na dakika kadhaa. Mazungumzo yenyewe hayakufika robo saa.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu ndicho ninachotaka mwondoke nacho. Mada za jukwaani siku hizi nyingi zinarekodiwa. Utazitazama nyumbani, utasimamisha, utarudia. Yule mtu wa kwenye foleni hakurekodiwa popote. Na asingeniambia lolote kama nisingekuwa na swali la kumuuliza.

Msidhani mambo haya yameanza juzi. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, kulikuwa na mkutano wa wataalamu wa kompyuta. Mtafiti Douglas Engelbart aliketi jukwaani mbele ya watu wapatao 1,000, karibu wote wa fani yetu, na kwa dakika 90 akawaonyesha kipanya, maandishi ambayo ukiyabofya yanakupeleka kwenye maandishi mengine, na watu wawili walio mbali wakifanyia kazi hati moja huku wakionana kwenye skrini. Kompyuta yenyewe haikuwapo ukumbini. Ilikuwa Menlo Park, umbali wa kilomita 50 hivi, na picha zililetwa kwa mawimbi ya redio. Makala yake ilikuwemo kwenye kitabu cha mkutano. Angeweza kusimama akaisoma, akapigiwa makofi, akashuka. Badala yake alikionyesha kitu chenyewe kikifanya kazi, hapo hapo, huku Bill English, mhandisi aliyekiunda kipanya cha kwanza, akiendesha mitambo yote nyuma ya pazia.

Miongoni mwa waliokuwa wakitazama alikuwemo mwanafunzi, Alan Kay. Miaka michache baadaye Kay na English wote walikuwa Xerox PARC, kituo cha utafiti ambako kompyuta ya madirisha na kipanya ilikuzwa hadi ikafanana na hii mnayoitumia leo. Wazo lilisafiri na watu walioliona na walioligusa. Ndiyo maana siwaambii mkakusanye vipeperushi. Nawaambia mkatafute watu.

Na wakati mwingine watu hao wako karibu kuliko unavyodhani. Aprili 1977, katika mji ule ule wa San Francisco, kulifanyika maonyesho ya kompyuta yaliyoitwa West Coast Computer Faire. Yalihudhuriwa na watu zaidi ya 12,000. Apple walikuwa na banda, na hapo ndipo kompyuta yao ya Apple II ilipoonyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza. Steve Wozniak, aliyeisanifu, alikuwa mle mle ukumbini. Aliyekuwa na swali kuhusu saketi zake aliweza kumuuliza aliyezichora.

Sasa tuingie mabandani, maana huko ndiko wengi wanakopotelea.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye maonyesho kila kitu kinajitembeza, chema na kibaya, kwa taa zile zile na tabasamu lile lile, kwa hiyo methali peke yake haikusaidii kuchagua. Mbele ya banda husimama watu wa mauzo. Wanafanya kazi yao, waheshimuni. Lakini nyuma yao, mara nyingi karibu na kompyuta ya maonyesho, kuna mhandisi mmoja au wawili walioletwa ili mashine isizime. Hao ndio wa kuwatafuta. Sema kwa adabu: "Nina swali la kiufundi, naomba nizungumze na anayeifahamu kwa ndani." Mara nyingi mhandisi atafurahi, kwa sababu tangu asubuhi hajaulizwa swali la kazi yake.

Na umuulize nini? Mimi huanza na kuharibika. Usiombe kuonyeshwa inavyofanya kazi. Hilo limefanyiwa mazoezi wiki nzima. Omba akuonyeshe inavyoanguka. "Chomoa waya huu, nione." "Diski ikijaa katikati ya kazi, kinatokea nini?" "Nirejeshee nakala hii sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa." Nimewahi kusimama kwenye banda la wauzaji wa mfumo wa kuhifadhi nakala, nikaomba kuonyeshwa kurejesha, nikaambiwa nirudi kesho. Kesho yake nikaambiwa mtaalamu hayupo. Sihitaji kulitaja banda hilo. Kwetu hatukununua, na mpaka leo nauona ule kuwa uamuzi bora niliowahi kuuleta kutoka kwenye maonyesho.

Kisha uliza kuhusu kutoka: siku nikitaka kuhama, data zangu nitazichukua zikiwa katika umbo gani, na nani atanisaidia kuzisoma? Uliza bei ya mwaka wa pili, kwa sababu ya mwaka wa kwanza imepambwa. Na uliza hiki ninachokiona kinauzwa leo, au ni ahadi. Swali hili la mwisho ni la kale kama maonyesho yenyewe. Microsoft ilitangaza Windows Novemba 1983. Mnunuzi aliipata Novemba 1985. Fikirieni aliyepanga bajeti yake ya 1984 kwa kutegemea tangazo lile.

Onyesho likianguka mbele yenu, msikimbilie kusema bidhaa ni mbovu. Aprili 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX kule Chicago, Windows 98 ilikuwa inaonyeshwa kwa umati na Bill Gates akiwa jukwaani. Msaidizi akachomeka skana, na kompyuta ikagoma, skrini ikageuka bluu. Bidhaa iliingia sokoni Juni mwaka huo huo na ikauzwa sana. Kinachonihusu mimi katika tukio kama lile ni sababu: ilikwama ilipochomekwa kifaa kipya. Mtu mwenye ofisi iliyojaa skana na printa za kila aina alipata pale taarifa ambayo hakuna kipeperushi kingempa.

Kuhusu usalama nitasema kwa kifupi, ingawa ni jambo zito. Flashi ya bure msiichomeke kwenye kompyuta ya kazini. Mwaka 2010, kwenye mkutano wa AusCERT huko Australia, ambao ni mkutano wa wataalamu wa usalama hasa, IBM iligawa flashi ambazo baadaye ziligundulika kuwa na programu hasidi, ikabidi iwaandikie washiriki kuwaonya. Kama IBM imeteleza mbele ya wataalamu wa usalama, banda lolote linaweza kuteleza. Waifai ya ukumbini nayo ichukulieni kuwa ya watu wote. Kwenye DEF CON, mkutano wa wadukuzi, kuna ubao maarufu unaoonyesha majina ya watumiaji na sehemu ya nywila zilizonaswa zikipita wazi kwenye mtandao wa mkutano. Na kila mara kitambulisho chako kinaposkaniwa bandani, umetoa jina, cheo na anwani ya barua pepe. Una haki ya kusema hapana, asante.

Kuna jambo moja hapa linanigusa. Baadhi ya maonyesho makubwa kabisa yamekufa. COMDEX ilianza mwaka 1979 Las Vegas na watu wasiozidi 4,000, ikafika zaidi ya 200,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, na ya mwisho ilifanyika mwaka 2003. CeBIT ya Hannover, Ujerumani, ilipokea zaidi ya watu 800,000 mwaka 2001. Mwaka 2018 walifika kama 120,000, kisha ikafungwa. Bidhaa mpya siku hizi unaiona kwenye simu yako dakika ile ile inapotangazwa, na kampuni kubwa huandaa hafla zao zenyewe. Lakini tazameni kilichobaki hai. FOSDEM, mkutano wa programu huria unaofanyika Brussels kila mwaka, hauna kiingilio wala usajili, na maelfu ya watu wanakwenda na kubanana kwenye madarasa ya chuo kikuu. Hawaendi kutazama bidhaa. Wanakwenda kuonana na wale wanaoandika nao programu mwaka mzima bila kujuana sura.

Mikutano mingi ina vikao vya jioni visivyo na mtoa mada, ambapo wenye tatizo la aina moja hujiandika ubaoni na kukutana. Ndege wafananao huruka pamoja, na jina la vikao hivyo kwa Kiingereza, "birds of a feather", limetokana na methali yenye maana hiyo hiyo. Naomba sana msivikose, hata kama miguu inauma. Na kama hakuna kikao cha tatizo lako, kiandike wewe. Jina, saa, chumba. Wakija watatu, mmepata kikao.

Naona dada pale nyuma ameinua mkono. Ndiyo? Anauliza: mtu mwenye haya afanyeje, asiyeweza kumwendea mgeni akaanza mazungumzo?

Asante kwa swali hilo, dada yangu. Mimi mwenyewe nina haya. Karatasi uliyoandika ndiyo itakayokusemea. Huhitaji kujieleza wewe ni nani wala kusifu mada ya mtu. Unasema, "Samahani, nina tatizo hili, umewahi kukutana nalo?" Wanaofanya kazi hii wanapenda matatizo, ukimpa mmoja tatizo zuri ataacha chai yake ipoe. Na nyinyi mnaokwenda watano kutoka ofisi moja, msiketi meza moja. Mtaonana mkirudi.

Mkirudi, andikeni ripoti ndani ya siku 3, kabla kazi haijawameza. Ukurasa mmoja unatosha: tutakachojaribu, kwenye seva ipi ya majaribio, nani atakifanya, lini. Waandikieni watu mliozungumza nao wiki hiyo hiyo, na muwaambie jaribio lilikwendaje, hata kama limeshindikana. Mtu wangu wa kwenye foleni ya chai nilimwandikia kuhusu zile saa 4. Alinijibu kwa swali lake kuhusu barua pepe zilizokuwa zinachelewa, jambo ambalo mimi nililijua. Huu ni mwaka wa 9 tunaandikiana.

Sasa toeni zile karatasi. Tuanze na meza ya mbele kushoto: tusomee tatizo lako, na mwenye kulifahamu humu ndani anyooshe mkono.