Tunakumbuka Yale Tunayopewa Nafasi ya Kuyataja

SOMOE: Shikamoo Mwalimu. Wasikilizaji, karibuni tena. Tunarekodi tukiwa Lindi mjini, na leo tunazungumzia namna utamaduni unavyomchagulia mtu, na jamii nzima, mambo ya kukumbuka.

MWALIMU ISSA: Marahaba, mwanangu. Ningependa tuanzie kwenye tambiko, kwa kuwa huko ndiko nilikoliona jambo hili likitendeka mbele ya macho yangu. Mzee huchuchumaa chini ya mti wa ukoo, akachota unga wa mtama na kuuachia udondoke taratibu kutoka kiganjani hadi ufanye kichuguu kidogo shinani, huku akitaja marehemu mmoja baada ya mwingine. Nyuma yake wameketi wapwa na wajukuu, kimya. Akiruka jina, mama mtu mzima aliyeketi pembeni humkatiza, naye hurudi nyuma akalitaja kabla ya kuendelea. Kwa hiyo orodha ile haikai kichwani mwa mzee peke yake. Imegawanywa miongoni mwa wote waliohudhuria, na wanaisahihisha pamoja.

SOMOE: Na majina hayo ni ya upande gani?

MWALIMU ISSA: Ya upande wa mama. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua tangu zamani wamehesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya wapwa zake katika mambo ya ndoa na urithi. Mtoto aliyelelewa hivyo aliweza kumtaja mjomba wa bibi yake bila kusita, ilhali kwa upande wa baba huenda aliishia kwa babu.

SOMOE: Kwangu mambo yamegeuka kabisa. Fomu za shule ziliniuliza jina langu, la baba na la babu. Kitambulisho kinataka hivyohivyo, na madrasa nako nasaba ilihesabiwa kwa baba. Jina la babu mzaa baba nimeliandika na kulitamka mara zisizohesabika. La mjomba wa bibi yangu sijawahi kuulizwa na mtu yeyote, na nimelipata kwa mama nilipokuwa naandaa kipindi hiki. Hakuna aliyenikataza kulikumbuka; ila halikuwa na mahali pa kutajwa.

MWALIMU ISSA: Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Maurice Halbwachs, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliandika mwaka 1925 kwamba hata kumbukumbu tunazodhani ni zetu binafsi tunazipata na kuzipanga tukiwa ndani ya kundi fulani. Naye Frederic Bartlett wa Uingereza, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1932, aliwapa watu hadithi ya wenyeji wa Marekani ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Safari ya kuwinda sili ikageuka kuwa safari ya kuvua samaki, mitumbwi ikawa mashua, na mambo ya mizimu wasiyoyazoea yakaachwa au yakafafanuliwa upya. Hawakuwa na nia ya kudanganya. Waliisimulia kama ilivyokuwa na maana kwao.

SOMOE: Nilisoma pia utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2000. Wamaori walioulizwa tukio la kwanza kabisa wanalolikumbuka walitaja, kwa wastani, jambo la kabla ya kutimiza miaka mitatu, mapema kuliko wenzao wenye asili ya Ulaya au Asia. Watafiti walilihusisha jambo hilo na uzito ambao Wamaori huupa wakati uliopita. Mtoto anayesimuliwa habari za nyuma tangu utotoni hujifunza mapema kwamba yaliyompata yeye pia ni ya kusimuliwa.

MWALIMU ISSA: Sasa tuitazame historia yetu. Vita vya Majimaji, dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilianzia kwenye vilima vya Umatumbi, hapa mkoani kwetu, Julai 1905, watu wa Nandete walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewahamasisha watu kupigana, alinyongwa Agosti mwaka huohuo, mapigano yakaendelea hadi 1907, na makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala. Hata hivyo, mwanafunzi wa leo ukimuuliza habari za vita hivyo, mara nyingi atakutajia Songea, kwenye makumbusho na maadhimisho ya kila tarehe 27 Februari, siku waliponyongwa mashujaa wa Kingoni mwaka 1906. Songea wanastahili heshima hiyo. Lakini siku maalumu, mnara na hotuba vina nguvu kubwa ya kuamua taifa litazame wapi, na Umatumbi unahitaji kutazamwa zaidi ya hivi.

SOMOE: Na hata kinachosimuliwa si kilekile. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliwasikiliza wazee katika miaka ya 1960, na miongoni mwa simulizi alizoandika ipo ya Kinjikitile kuvutwa na pepo hadi ndani ya bwawa, akatoka kesho yake nguo zake zikiwa kavu. Darasani tuliipokea kama imani potofu. Kwa aliyeisikia wakati ule, ilikuwa ushahidi kwamba mtu huyu ametumwa na ana haki ya kuwaamuru watu wa koo mbalimbali kusimama pamoja, jambo ambalo hakuna mkuu wa ukoo mmoja aliyeliweza.

MWALIMU ISSA: Umesema vyema, na kwa hiyo nasikitika zaidi kuhusu kitu kimoja. Wakati wa Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu katika vijiji, kati ya 1973 na 1976, watu wengi wa Kusini walihamishwa kutoka kwenye makazi yao ya asili. Walibeba vyombo na mifugo, lakini makaburi na miti ya matambiko vilibaki mahameni. Huwezi kwenda kumwaga unga mahali palipo mbali na ambapo njia yake imeota vichaka, na baadhi ya mahame yale yamekuwa mashamba ya mikorosho. Watu waliendelea kuishi, wakajenga, wakasomesha; majina yakakosa pa kutajwa.

SOMOE: Je, kuyaandika kwenye daftari hakutoshi?

MWALIMU ISSA: Kunasaidia, nami nahimiza kila familia ifanye hivyo, ikianza na upande wa mama. Ila daftari halikuonyeshi kaburi la nani liko karibu na mwembe upi. Waliohamishwa wakiwa watu wazima sasa wamepita miaka sabini, na wao ndio wanaozijua njia. Ningeziomba serikali za vijiji na walimu wa historia wawachukue vijana waende nao mahameni wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa chini, kabla kila mtu hajaingia kwenye mavuno ya korosho.

SOMOE: Nitaliwasilisha kwa walimu ninaowafahamu, na kipindi chetu cha Agosti ningependa tukirekodie huko.