Kuandika ĩ na ũ kwenye kompyuta

WAMBUI: Karibu, msikilizaji. Leo tuna herufi mbili tu, ĩ na ũ. Bila hizo huwezi kuandika Kikuyu sawasawa, wala Kikamba.

MUTUA: Wala Kimeru, wala Kiembu. Lakini kompyuta nyingi hapa kwetu zinakuja na kibodi ya Kiingereza, kwa hiyo watu wanaandika i na u kavu, msomaji akisie mwenyewe. Hilo linaniuma, dada. Mtoto anayeanza kusoma lugha ya mama atakisia kwa kutumia nini?

WAMBUI: Tuanze na njia ya haraka. Niko kwenye Word.

MUTUA: Andika 0129, kisha bonyeza Alt na X pamoja. Inageuka ĩ. 0169 inakuwa ũ. Hizo ndizo namba za herufi hizo katika Yunikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake.

WAMBUI: Kwa jina moja kwenye barua, sawa. Kitabu kizima je?

MUTUA: Hapo unahitaji kibodi. Kwenye Linux usihangaike: katika mipangilio ya kibodi tafuta Kenya, Kikuyu kimo tayari.

WAMBUI: Na Windows? Kuna wanaosema weka kibodi ya Kivietinamu.

MUTUA: Kweli Kivietinamu kina ĩ na ũ zilezile. Ukichagua Telex, njia mojawapo ya kuandika Kivietinamu kwa vitufe vya kawaida, unaandika i halafu x, unapata ĩ. Sasa jaribu kuandika "maaĩ". Telex ikiona a mbili zimefuatana inazigeuza â. Lugha zetu hurudia irabu mara kwa mara, mtagombana siku nzima. Mimi siipendekezi.

WAMBUI: Unapendekeza nini?

MUTUA: Microsoft wana programu ya bure, Keyboard Layout Creator. Unafungua kibodi uliyoizoea, unaweka ĩ kwenye Alt ya kulia pamoja na I, na ũ kwenye Alt ya kulia pamoja na U. Kwa herufi kubwa, ongeza Shift. Vitufe vingine havibadiliki. Inakutengenezea folda ya kusakinisha; itie kwenye flashi, umpe mwalimu, katibu wa kanisa, yeyote anayeandika.

WAMBUI: Wengine huandika u ya kawaida, kisha wanaipachika alama juu.

MUTUA: Huo ndio mtego wenyewe! ũ inaweza kuwa herufi moja, 0169, au u iliyobandikwa alama ya 0303. Kwa macho huoni tofauti, lakini ndani ya kompyuta ni vitu viwili. Unatafuta "mũndũ", baadhi ya programu zinakujibu halimo, na wewe unaliona pale pale kwenye ukurasa. Hebu fikiria kamusi iliyokusanywa na watu watano, kila mmoja na ũ yake.

WAMBUI: Na maandishi yaliyokwisha kuchanganyika?

MUTUA: Hifadhi nakala kwanza. Kisha nakili ũ ile ya vipande viwili, ibandike kwenye Tafuta, weka ya 0169 kwenye Badilisha, ubadilishe zote. Rudia kwa ĩ, halafu kwa herufi kubwa: Ĩ ni 0128, Ũ ni 0168.