Anayeukalia Mfumo Hapandi Cheo

Asalaam alaykum. Nimeombwa nizungumzie namna mhandisi wa programu anavyoweza kupanda kazini hapa Zanzibar. Walionisikia kabla wanajua nitaishia wapi, na waliochoka kunisikia watanivumilia, kwa sababu jambo lenyewe bado lipo. Sitazungumzia mjifunze lugha gani ya kompyuta wala mchukue vyeti gani. Hayo mnayajua kuliko mimi. Nataka kusema juu ya tabia ya kuukalia mfumo.

Mnaijua hiyo. Kijana anaajiriwa, anatengeneza mfumo wa kompyuta, mfumo unafanya kazi. Nywila anazo yeye. Ukizimika, wa kuuwasha ni yeye. Msimbo wote, yaani yale maagizo yanayoiendesha programu, umo kwenye laptopu yake, na maelezo ya namna mfumo unavyofanya kazi hajayaandika hata ukurasa mmoja. Ukimvuta pembeni ukamuuliza, anakwambia: "Kaka, nikiandika yote watanitoa, wamtie mtoto wa mtu." Simlaumu kwa hofu hiyo. Kazi ni chache, na mikataba ya mwaka mmoja mmoja haimpi mtu usingizi. Ila dawa aliyoichagua ndiyo inayomdhuru.

Iko kampuni moja hapa mjini, sitaitaja, inauza tiketi, na kazi yake haisimami hata sikukuu. Seva yao, ile kompyuta inayoubeba mfumo, ilikuwa chini ya meza ya mhasibu, imebanwa na printa, pembeni pana UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, inalia mchana kutwa mpaka watu wakawa hawaisikii tena. Juu ya seva imebandikwa karatasi, maandishi ya wino mwekundu: USIZIME, MPIGIE FULANI, na nambari ya simu. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa maelezo yote ya mfumo ule. Hapakuwa na jengine.

Ikaja Idi. Kijana aliyeutengeneza mfumo ule kwao Wete, Pemba, kavuka kwenda kuwaona wazee. Idi pili umeme ukakatika, ukarudi, mfumo ukagoma. Simu zikaanza. Ndani biriani imeshapakuliwa, wageni wanaingia kutoa mkono wa Idi, na yeye yuko uani, kaziba sikio moja kwa kidole, anamsomea mhasibu amri herufi kwa herufi. "Es. Yu. Di. O. Sasa acha nafasi. Hapana mama, kistari cha kati, si cha chini." Na yule mama ni mhasibu hodari, lakini skrini nyeusi ile hajapata kuiona maishani mwake. Abiria wamepanga foleni mpaka nje, na dirishani wanaambiwa neno tunalolijua sote: mfumo umegoma. Ilipofika magharibi bado haujawaka. Alfajiri kijana akashuka Mkoani kupanda boti, sikukuu kaiacha kwao.

Mfumo uliwaka, akapongezwa. Baadaye ikatoka nafasi ya mkuu wa kitengo. Hakupewa. Mkubwa wake alisema: "Huyu nikimpandisha, mfumo nani atakaa nao?" Nafasi akapewa mwenzake, mtu ambaye kazi yake yeyote angeweza kuipokea asubuhi ikaendelea. Mnaona lilivyo jambo hili? Kweli hakufukuzwa. Lakini hakupanda, hakupumzika, na kila akienda kwao simu yake ni mzigo. Alijijengea ngome, akabaki ndani.

Najua wengine mnasema moyoni: mbona mafundi wa majahazi kule Nungwi hawaandiki kitu, na vyombo vyao vinaelea? Swali zuri, na nimelijibu mara nyingi. Fundi wa Nungwi hajifichi. Anaunda chombo ufukweni, kila mtu anaona. Pembeni yake pana vijana wanashika mbao, wanakeketa tundu, wanatia kalafati, miaka na miaka. Fundi akiugua, jahazi linaendelea. Sasa wewe nani umemkalisha pembeni? Unafanya kazi usiku, peke yako, mlango umefungwa. Usipokuwa na mwanafunzi wala maandishi, huwezi kujifananisha na wazee wale.

Wapo wenye hofu ya pili: nikiandika, makosa yangu yataonekana. Hao nawapa kisa cha tarehe 31 Januari 2017, cha GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya watu wa dunia nzima. Usiku, mhandisi wao kachoka, anataka kufuta data kwenye seva ya akiba. Akafuta kwenye seva kuu. Alipotanabahi akakatisha, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta zilizotegemewa hazifanyi kazi. Ile iliyopaswa kuchukuliwa kila siku ilikuwa inashindwa kimya kimya, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yule yule aliichukua kwa mkono, kwa shughuli nyengine, kiasi cha muda wa saa sita kabla. Data ya muda huo ilipotea moja kwa moja.

Kisha wakafanya jambo ambalo kwetu mtu angeliona wazimu. Waliandika kila hatua hadharani wakati bado wanahangaika, wakarusha kazi ya kurejesha data moja kwa moja YouTube. Baadaye wakatoa ripoti ndefu: kilichotokea, sababu yake, na watakachorekebisha. Jina la aliyefuta halikutajwa. Ripoti iliuliza kwa nini njia zote za akiba zilishindwa, na kwa nini hapakuwa na mtu mwenye dhamana ya kuzijaribu. Kampuni haikufa. Wahandisi wa nchi nyingi wameisoma ripoti ile wakaenda kukagua nakala zao.

"Hayo ya Wazungu, huku bosi atanifukuza." Basi niseme na mabosi, maana naona mmekaa mstari wa mbele. Kijana akikuletea habari mbaya mapema ukamgombeza mbele ya wenzake, umeshawafundisha wote wakufiche. Kuanzia siku hiyo habari za mfumo wako utazipata kwa wateja. Hili lishughulikieni nyinyi, mkiacha kijana alibebe peke yake mnamwonea.

Nyinyi vijana, anzeni na ukurasa mmoja. Mfumo unawashwa vipi, data iko wapi, nakala ya akiba inarejeshwa vipi, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini. Nywila msiziandike kwenye karatasi, ziwekeni kwenye programu ya kuhifadhia nywila na wawe watu wawili wenye ruhusa. Kisha mpe ukurasa huo mtu asiyeujua mfumo, kaa nyuma yake, funga mdomo. Pale anapokwama, ndipo hukuandika vizuri. Na kama atakayesoma ni mhasibu, andika Kiswahili. Usingoje Kiingereza chako kinyooke.

Wanaotaka kazi za mbali, za kufanya kupitia mtandao, au kwenye kampuni zilizokuja Fumba tangu Silicon Zanzibar, mpango wa kuvutia kampuni za teknolojia, ilipoanzishwa 2022, jueni kwamba mwenzako wa kazi huenda yuko Nairobi au Berlin. Hakuoni ukikesha. Anasoma ulichoandika, na kwa hicho ndicho anakupima.

Nilikuwa na la mishahara na la kuhama kazi, lakini naona Alasiri imekaribia. La mishahara litakuja kwenye maswali, naahidi. La kuhama niseme hili tu: kabla hujaondoka, kabidhi. Kaa na atakayekupokea mpaka aweze kuuwasha mfumo hali wewe uko chumba chengine. Mji wetu ni mdogo, mkubwa wako wa zamani na wa sasa wanakutana msikitini kila Ijumaa, na unavyoondoka watasimuliana.

Haya, maswali. Dada uliyekaa dirishani, anza wewe.