Mgeni akisema "I'll soldier on"

Wakubwa zangu shikamooni, na nyie wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuongoza wageni hapa Moshi, hamjambo.

Leo nimekuja na kitenzi kimoja tu cha Kiingereza: "soldier on". Askari yumo humo ndani, mmemwona. Ni mtu anayesonga mbele kama aliye vitani, amechoka, pengine ameumia, lakini haachi safu. Ukiambiwa maana yake ni kuendelea, usitosheke. Kuendelea tu ni "carry on". "Soldier on" ni kujikaza, na asiye na shida hana sababu ya kujikaza.

Kanuni zake hazisumbui. Wanasema "soldier on with the work", hawasemi "soldier on the work". Kwa jambo lililopita ni "soldiered on". Waingereza hukitumia kwa sifa. Ajabu ni kwamba ukiondoa hiyo "on", sifa inaondoka nayo: zamani kule Marekani, mfanyakazi aliyekuwa "soldiering" ni yule anayetega kazi. Mhandisi Frederick Taylor aliwalalamikia sana watu hao mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa twende kambi ya Barafu, kule Mlima Kilimanjaro. Saa sita usiku, baridi kali, mnaanza kupanda kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Unamuuliza mgeni hali yake, anatabasamu: "I'll soldier on." Wengi wetu hapo tunasikia "niko sawa", tunasema pole pole, tunaondoka naye. Jamani, hapana! Huyo amekwambia, kwa adabu ya kwao, kwamba kuna kitu kinamsumbua. Amelipa fedha nyingi, amewaaga ndugu zake, hataki awe yeye wa kurudishwa. Mheshimu kwa hilo, lakini mhesabu kuwa mgonjwa mpaka ujiridhishe.

Kwa hiyo usikimbilie kumpongeza. Muulize, "What hurts?" Akitaja goti au malengelenge, mtapunguza mwendo na kutazama. Akitaja kichwa, huenda ni ugonjwa wa mwinuko: uliza kama ametapika, kisha mwambie atembee hatua chache kwenye mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba, au maneno yake yakianza kuchanganyika, msingoje kupambazuke. Mnashuka saa ileile, hata kama anaapa kwamba ataweza.