Naitrojeni itatoka wapi? Tanzania na safari ya kwenda kilimo hai

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mliokaa huku nyuma, mambo vipi. Asanteni kwa kuja, najua mvua zinakaribia na kila mtu hapa roho yake iko shambani. Nimeombwa niongee kuhusu nchi yetu kuhamia kilimo hai, yaani kulima bila mbolea wala dawa za viwandani, na niseme mapema kabisa kwamba mimi nakiamini, nimekifanya miaka 11 kwenye heka 4, na kwa sababu nakiamini ndo maana leo sitakaa sana kwenye faida zake, hizo mmeshazisikia kwenye kila semina. Nataka tushike swali moja ambalo semina nyingi zinaliruka. Ukiacha mfuko wa urea, ile naitrojeni, chakula kinachoupa mmea rangi ya kijani, itatoka wapi?

Tupige hesabu pamoja. Mfuko wa urea una kilo 50, na urea ni asilimia 46 naitrojeni, kwa hiyo ndani ya mfuko mmoja kuna kilo 23 za naitrojeni, unaubeba begani unaenda nao. Sasa chukua mboji nzuri, iliyoiva vizuri, tuseme ina asilimia 1 ya naitrojeni, ili upate zile zile kilo 23 unahitaji mboji tani 2 na kilo 300. Hizo ni kama toroli 40 zilizojaa, kwa heka moja, kuchukua nafasi ya mfuko mmoja. Na bado mboji haitoi chakula chote msimu wa kwanza, inaachia kidogo kidogo, nyingine inabaki kwa ajili ya mwaka kesho na keshokutwa. Hiyo ni baraka kwa udongo lakini kwa mahindi ya mwaka huu ni njaa kama hukujiandaa.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta. Mwaka wa kwanza nilitoka kwenye mafunzo nina moto, nikaacha mifuko yote siku moja, nikamwaga samadi kidogo niliyokuwa nayo nikasema Mungu atasaidia. Mahindi yalivyofika magotini yakaanza kugeuka njano, inaanzia kwenye majani ya chini, kwenye ncha, inashuka katikati ya jani kama alama ya V. Mkulima yeyote aliyekaa hapa anaijua hiyo rangi. Nilizoea kuvuna gunia 14 kwa heka, mwaka ule nikapata 5, na mnunuzi aliyekuwa ameniahidi bei nzuri ya mazao hai akaniambia shamba lako bado liko kwenye kipindi cha mpito, halijatambuliwa kuwa hai, nanunua kwa bei ya kawaida kama kwa wengine. Mke wangu hakusema kitu, alikuwa anahesabu tu yale magunia, na mimi ile picha haijanitoka mpaka leo.

Sasa hilo la kwangu lilikuwa heka 4. Kuna nchi nzima ilifanya hivyo hivyo. Sri Lanka, mwaka 2021. Rais wao Gotabaya Rajapaksa alikuwa ameahidi kwenye kampeni ya 2019 kwamba nchi itahamia kilimo hai ndani ya miaka 10, na ahadi hiyo ukiisoma ina akili, lakini mwezi wa nne 2021 ikatangazwa marufuku na mwezi wa tano ikatoka kwenye gazeti la serikali, hakuna kuingiza mbolea za chumvichumvi wala viuatilifu, kwisha. Nchi ilikuwa na uhaba wa dola na kuagiza mbolea kunakula dola, kwa hiyo haikuwa afya na mazingira tu, hazina nayo ilikuwa imebanwa. Wakulima wao wa mpunga walikuwa wamelishwa mbolea ya ruzuku tangu miaka ya 60, udongo wao na mbegu zao na mazoea yao vyote vimejengwa juu ya mfuko, halafu ghafla mfuko haupo na mboji haipo. Ikabidi waagize mbolea hai kwa meli kutoka China, na shehena yenyewe ikakataliwa baada ya maabara yao kusema imekutwa na bakteria wasiotakiwa. Fikiria hilo, mbolea hai inavuka bahari! Mwezi wa 11 mwaka ule ule serikali ikarudi nyuma, lakini msimu wao mkubwa wa mpunga, wanaita Maha, ulikuwa umeshaharibika, mavuno yakashuka zaidi ya theluthi moja. Chai nayo ikaumia. Uchumi wao uliangushwa na mengi, kuna madeni, kuna utalii uliokufa na korona, kuna kodi zilizopunguzwa, nisiwadanganye kwamba ni mbolea peke yake, lakini hili la mbolea ndo lililofika kwenye sahani ya kila nyumba.

Toka hapo kila nikitaja kilimo hai kwenye kikao kuna mtu ananyanyua mkono anasema "Sri Lanka". Nami namjibu ndio, Sri Lanka, na somo lake ni kwamba waliondoa mfuko kabla ya kujenga lundo la mboji. Udongo hausomi gazeti la serikali.

Haya, turudi nyumbani. Watu wanaongea kama vile kilimo hai ni kitu cha Wazungu kimekuja na miradi. Nendeni Mbinga, kule Ruvuma, mkaone ngoro za Wamatengo. Mlima umesimama vile, mtu anafyeka majani, anayalaza kwenye miraba kama anafuma mkeka, halafu anachimba udongo wa katikati anaufukia juu ya majani, shimo linabaki katikati na tuta limezunguka. Anapanda maharage mwezi wa 3, yale majani yanaozea chini ya mizizi, msimu unaofuata anapanda mahindi juu ya udongo ambao maharage yameshaulisha. Mvua ikija maji yanaingia kwenye shimo yanatulia, hayashuki na udongo. Wamefanya hivyo zaidi ya miaka 100 kwenye miteremko ambayo ukilima kwa tuta la kawaida misimu mitatu inakuwa mwamba mtupu. Na kule Kilimanjaro kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachaga, ni hivyo hivyo, juu mti wa kivuli, chini mgomba, chini kahawa, magimbi, ng'ombe amefungwa bandani analetewa majani na samadi yake inarudi kwenye mgomba, maji yanakuja kwa mfongo, yaani mfereji wa asili. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakakitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011. Ni kiwanda cha naitrojeni kile, mashine yake ni ng'ombe.

Sasa tulitokaje pale? Miaka ya 70 tukaingia kwenye mahindi ya mbegu za kisasa na mbolea ya ruzuku, kiwanda cha Tanga kikafunguliwa, na Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikawa ghala la nchi, hilo si dogo, watu walikula. Lakini iliyotumika sana ilikuwa SA, mbolea ya salfeti ya amonia, na SA ukiiweka miaka na miaka bila chokaa wala samadi inaufanya udongo uwe mchachu, na udongo mchachu unafungia fosfeti, chakula kingine ambacho mmea unakihitaji. Wazee wa Nyanda za Juu wanakwambia "ardhi imezoea mbolea", wako sahihi kwa lugha yao. Ruzuku ikaja kuondolewa na mkulima akabaki na udongo uliochoka na mfuko asioumudu. Mwaka 2022 bei zilipopaa duniani serikali ikarudisha ruzuku, mfuko mkulima akaupata kwa shilingi 70,000 hivi badala ya laki na zaidi, na mimi siwezi kusimama hapa nikasema ile ruzuku ilikuwa mbaya, kuna kaya zilipona.

Ninachouliza ni hiki: kwa nini ruzuku inajua mfuko tu? Mwaka 2023 nchi imezindua Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, wa 2023 mpaka 2030, ni jambo kubwa, tulilisubiri. Lakini mkulima anayetaka kubadilika shida yake ya kwanza ni usafiri wa samadi. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30! Pita Simiyu, pita Shinyanga, utakuta maboma ya zamani samadi imekaa mpaka kiunoni, hakuna anayeigusa, halafu heka kumi mbele yake kuna pamba imenyauka kwa njaa. Hapa Morogoro mfugaji na mkulima wanapigana, watu wamekufa, wakati zamani mfugaji alikuwa anaingiza ng'ombe kwenye mabua baada ya mavuno na mkulima anashukuru maana shamba linabaki na mbolea. Ukiniambia nichague kitu kimoja cha kuwekea pesa za umma kwenye safari hii, sitachagua nembo wala makongamano, nitachagua toroli, mikokoteni na mikataba ya vijiji kati ya mfugaji na mkulima.

Na tukiipata hiyo samadi tusiiue wenyewe. Karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe iko kwenye mkojo, sasa banda lako kama sakafu haina matandiko ya majani makavu ya kunyonya mkojo, nusu ya mbolea yako imezama chini au imepanda hewani, ile harufu kali inayokuchoma pua ndo naitrojeni inaondoka hiyo. Lundo likiachwa wazi jua linakula, mvua inaosha. Lifunike, hata majani ya migomba yanatosha.

Njia ya pili ni mikunde, na hii naipenda kuliko zote maana haihitaji toroli. Choroko, kunde, mbaazi, fiwi, marejea. Ukitaka kujua kama inakufanyia kazi usiniulize mimi, ng'oa mche mmoja ukianza kutoa maua, angalia mizizi, utaona vifundo, pasua kimoja kwa ukucha. Ukikuta ndani kuna rangi ya pinki, wale bakteria wako kazini wanavuta naitrojeni kutoka hewani. Ukikuta kijani au kijivu wamelala. Mimi kuanzia mwaka wa tatu napanda marejea kwenye robo ya shamba kwa zamu, naifukia ikianza maua, na hapo ndo gunia zikaanza kurudi. Kwa wale wenye kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi, na viwavi jeshi kuna desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, unaipanda katikati ya mistari ya mahindi na kuzungushia nyasi za malisho pembeni, inafukuza wadudu, inazuia kiduha, inaleta naitrojeni na mifugo inakula. Fosfeti tunayo Minjingu, mwamba wenyewe uliosagwa unaruhusiwa kwenye kilimo hai, ila someni mfuko maana kuna bidhaa za pale zimechanganywa na urea, hizo haziruhusiwi.

Soko nitaligusa tu. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu toka 2007 na nembo ya Kilimohai, na vikundi vinaweza kukaguana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya soko la ndani, gharama inakuwa ndogo. Ulaya ni habari nyingine, sheria yao mpya inataka kikundi kiwe kimesajiliwa kisheria na kisizidi wanachama 2,000, na kipindi cha mpito ni miaka 2 kwa mazao ya msimu na 3 kwa kahawa na miti mingine. Wenzetu wa pamba Meatu wako kwenye kilimo hai toka 1994 na wamedumu kwa sababu walikuwa na mnunuzi kabla ya kuanza. Kumbukeni hilo, msiingie mpito bila kujua nani atanunua.

Nikimjibu yule mama aliyeniuliza kabla sijaanza kuongea, ana heka 3 afanye nini mwaka huu. Mama yangu, heka 2 na nusu endelea na mfuko wako kama kawaida, usione aibu. Nusu heka iliyobaki ndo iwe shule yako, weka mboji yote uliyonayo pale, pale tu, usiitawanye, na mstari kwa mstari ipande kunde. Mwakani nusu nyingine. Mfuko utapungua wenyewe kadiri lundo linavyokua, mimi lundo kutosha lilinichukua misimu sita.

Sasa naona muda umeenda na mimi maneno peke yake hayaniridhishi. Nyuma ya ukumbi kuna lundo la siku 9, tabaka la mabua, tabaka la majani mabichi, samadi, majivu kidogo, na katikati nimechomeka fimbo ndefu. Twendeni wote. Mtu mmoja aichomoe aishike kwenye kiganja, ikiwa ya moto na ina unyevu lundo liko hai, ikiwa kavu na vumbi jeupe tutaongeza maji, ikiwa baridi na inanuka tutaligeuza sasa hivi hapa hapa, majembe yapo matano.