Maji Maangavu Hudanganya: Siku Mbili kwenye Mto Current

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Leo tutazungumzia mto mmoja tu, Mto Current, kusini mwa jimbo la Missouri, mwendo wa kama saa tatu kwa gari kutoka St. Louis, ambako wengi wenu mnaishi. Safari yenyewe ni ya siku mbili. Siku ya kwanza tunaingia majini Akers, tunapiga kafi maili 10 hivi hadi kambi ya Pulltite, tunalala. Siku ya pili maili 9 nyingine hadi Round Spring. Jumla kilomita 30. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga mtumbwi anaiweza, ila ajue kitu ambacho mto wenyewe hautamwambia: maji yale ni maangavu kupita kiasi, na uangavu huo unadanganya. Unadanganya kuhusu usafi, baridi na kina.

Kwanza tuone yanakotoka. Mvua ya Ozark, yaani nyanda za vilima mto huu unakopita, nyingi yake haikai juu ya ardhi. Mwamba wa huko ni wa jamii ya chokaa, na maji ya mvua, kwa asidi yake kidogo, yameutoboa kwa mamilioni ya miaka mpaka chini kumekuwa kama nyumba ya mchwa: nyufa, mapango, mifereji. Mvua inazama kwenye mashimo huko juu, inasafiri gizani, kisha inafumka bondeni ikiwa chemchemi. Chemchemi kubwa kuliko zote, Big Spring, iko chini kabisa karibu na mji wa Van Buren, na kwa wastani hutoa zaidi ya lita bilioni moja kwa siku. Hatutafika huko safari hii. Tutakazoziona sisi ni Cave Spring, katikati ya siku ya kwanza, inayotokea ndani ya pango ambalo mtumbwi unaingia, na Pulltite yenyewe, ng'ambo ya mto ukiwa kambini.

Wale wa Mombasa wanaijua Mzima, iliyoko Tsavo Magharibi, maana maji ya bomba lao baadhi yanatoka huko. Mvua ya vilima vya Chyulu huchujwa na majivu na mawe ya volkano kabla ya kutokea Mzima. Huku Ozark hakuna chujio la namna hiyo. Karibu na Akers kuna shimo kubwa liitwalo Devil's Well. Maji yaliyo chini yake ndiyo hayo hayo yanayotokea Cave Spring. Basi chochote kitakachotumbukia kwenye mashimo kama hayo, iwe mzoga wa ng'ombe au maji ya choo kibovu cha shambani, hakina cha kukizuia njiani. Maji yanatoka kama kioo, na bado yana vijidudu. Usikinge mdomo pale. Yachemshe mpaka yatokote dakika moja nzima, au beba ya kwako: lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika.

Kuhusu baridi. Maji ya chemchemi zile ni nyuzi 14 Selsiasi, Januari ni 14 na Agosti ni 14, kwa sababu yanafuata joto la mwamba, si la jua. Mbele ya safari mto hupata joto kiasi, lakini kila chemchemi inapoingia unashuka tena. Utausikia kwa mkono kabla hujauona kwa jicho. Bahari ya Mombasa au Dar hucheza kwenye nyuzi 25 hadi 29, kwa hiyo mwili wa mtu wa pwani hauna kumbukumbu ya nyuzi 14. Ukitumbukia ghafla pumzi inakatika na unavuta hewa bila kutaka. Kama mdomo uko chini ya maji, unavuta maji. Hiyo ni dakika ya kwanza. Baada ya dakika kadhaa vidole vinaanza kukataa kushika. Ndiyo maana jaketi la kuokolea huvaliwa, halikaliwi kama mto wa kiti. Sheria ya Missouri inamlazimisha mtoto wa chini ya miaka 7 alivae muda wote akiwa chomboni, na kila mtu mzima awe nalo. Sisi tunasema wote mvae, mfunge na vishikizo. Na jinzi ziacheni nyumbani. Pamba ikilowa haikauki na inanyonya joto la mwili. Nguo za poliesta za michezo, zile za mitumba, ndizo zenyewe.

Kina ni rahisi kueleza. Mwanga unapinda ukitoka majini, kwa hiyo ukitazama moja kwa moja chini, kina cha mita 2 kinaonekana kama mita moja na nusu. Mtu anaona changarawe, anajiambia maji ni ya kiunoni, anashuka, na maji yanamfika shingoni.

Sasa chombo. Huu hapa mbele yenu ni mtumbwi wa watu wawili, urefu wa kama mita 5. Tutatumia maneno ya mabaharia wetu, maana yapo na yanatosha: mbele ni omo, nyuma ni tezi, na chini katikati, pale maji yanapokusanyika, ni ngama. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa mzigo ni hivyo hivyo: sanduku la barafu, maji na sufuria vinakaa ngamani, chini kabisa, na vizito vivutwe kidogo kuelekea tezi ili omo isiinamie maji. Omo ikizama, chombo hakigeuki. Kinashika njia yake kama punda. Mahema na nguo vitiwe kwenye mifuko isiyopitisha maji. Mdomo wa mfuko ukunjwe mara tatu, si mara moja, kabla ya kubana kishikizo. Mkunjo mmoja unavuja. Kila kitu kifungwe. Kamba mbili za mita 5, moja omo na moja tezi, ziwe zimekunjwa vizuri na ncha zake zisiwe na fundo, kwani fundo likinasa kati ya mawe linakuwa nanga usiyoitaka. Chukueni pia upo wa kufulia maji. Galoni la maziwa lililokatwa tako linatosha.

Anayekaa omo ni injini na macho. Anayekaa tezi ndiye nahodha. Mzito akae tezi. Kila ukipiga kafi upande mmoja ukiwa tezi, chombo kinakimbilia upande wa pili, na wageni wengi hutatua hilo kwa kuhamisha kafi kila mapigo matatu, wakaenda kama nyoka mpaka jioni. Dawa yake ni hii, tazameni mkono wangu: kafi likifika usawa wa nyonga, geuza kidole gumba kielekee chini, kisha sukuma maji kando kidogo kabla ya kulitoa. Kusukuma huko ndio usukani. Tutalijaribu jambo hilo nje baadaye.

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye hatari yenyewe. Mto Current hauna maporomoko. Hatari yake ni kona. Mkondo hula ukingo wa nje wa kona, udongo unabomoka, mti unaanguka ukiwa na matawi yake na kulala majini, na mkondo huo huo unakupeleka pale pale. Kina mama wanaokamua nazi watalielewa jambo hili mara moja: mti huo ni kifumbu. Tui linapita, machicha yanabaki. Maji yanapita kati ya matawi, wewe hupiti, na yanaendelea kukukandamiza.

Kwa hiyo kaeni upande wa ndani wa kona, penye changarawe na maji ya polepole, na mwanze mapema, mita 50 kabla. Mgeni hupiga kafi kwa nguvu kwenda mbele ili "aiwahi" kona. Ndilo kosa lenyewe: anaongeza mwendo kuelekea mti. Fanyeni kinyume. Geuzeni tezi ielekee upande mnaoutaka, ndani ya kona, kiasi cha digrii 30 tu, kisha wote wawili mpige kafi kinyumenyume. Chombo kinakuwa polepole kuliko mkondo, na mkondo wenyewe unakisogeza kando kuelekea mnakotaka. Kama omo inatazama mti na mnauogopa, mko sawa.

Na mkishindwa, ubavu ukagonga mti au mwamba? Mwili wa binadamu utataka kukimbia, kuegemea upande wa pili, upande maji yanakotoka. Usikubali. Ukiegemea huko, ubavu wa juu wa mkondo unazama, maji yanaingia, na mtumbwi uliojaa maji ni zaidi ya nusu tani inayosukumwa. Utauzunguka mti kama chapati. Uegemee mti, uukumbatie, maji yapite chini ya chombo, kisha mjisukume taratibu kwa mikono.

Mkipinduka, jambo la kwanza ni kuwa upande wa juu wa chombo, mkondo unakotoka, msikae kati yake na mti. Lala chali, miguu mbele na vidole juu, uelee mpaka maji ya polepole. Usisimame kwenye maji ya kasi yanayopita goti: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi na jaketi halitakusaidia. Pahali pamoja tu ndipo unapobadili: kama huna budi kufika kwenye mti, geuka kifudifudi, ogelea kwa nguvu kuuelekea, kichwa mbele, na ukwee juu ya gogo. Ukifika kwa miguu, miguu inaingia chini ya matawi na wewe unaifuata.

Swali limetoka nyuma: je, tunaweza kulala njiani kwenye changarawe badala ya kambini? Mnaweza, na ni pazuri kuliko kambi, hasa Jumamosi za Julai ambapo Pulltite na mto mzima hujaa watu na muziki. Kwa hakika Septemba ndiyo safari, Julai ni sherehe. Lakini changarawe zile ziliwekwa pale na mafuriko. Mwishoni mwa Aprili 2017 mto huu ulipanda pale Van Buren hadi futi 37, zaidi ya mita 11. Rekodi ya awali, ya 1904, ilikuwa futi 29. Hiyo ni mara moja kwa vizazi, lakini kupanda mita moja usiku kwa mvua iliyonyesha mbali, ambayo wewe hukuisikia, ni jambo la kawaida. Kabla ya kuondoka nyumbani tazama kipimo cha mto cha Akers kwenye intaneti, uone kama mstari unapanda au unashuka, kwani kwenye bonde mtandao wa simu karibu haupo.

Ukifika, tazama mierebi: majani makavu yaliyonasa kwenye matawi yanakuonyesha maji ya mwisho yalifika wapi. Hema liwe juu, na nyuma yake kuwe na njia ya kupanda mlimani kwa miguu. Kama nyuma yako kuna mkondo mkavu, ujue umelala kisiwani. Chomeka kijiti ukingoni kabisa mwa maji jioni, na kila ukiamka kukojoa kimulike. Kijiti kikiwa ndani ya maji, amsha watu. Mitumbwi ivutwe juu, ipinduliwe na ifungwe kwenye mti, si kwenye gogo.

Vigingi vya hema havishiki kwenye changarawe. Funga kamba ya hema kwenye jiwe dogo la ukubwa wa ndimu, kisha weka jiwe la kama kilo 10, ukubwa wa tikiti maji, juu ya kamba, mbele ya lile dogo. Upepo ukivuta, dogo linajikaza nyuma ya kubwa. Hapo unaweza kulala. Moto uwashwe kwenye changarawe kavu, lakini mafiga yasiokotwe majini: jiwe lililonyonya maji likipashwa moto hupasuka kama risasi.

Kupe wapo, na wengi. Nguo zipulizwe permethrini, dawa ya kuua kupe, siku moja kabla, suruali iingizwe ndani ya soksi, na kila usiku mjikague makwapani, nyuma ya magoti, na watoto vichwani. Kupe hung'olewa kwa kibano, karibu kabisa na ngozi, kuvuta moja kwa moja. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Mmea wenye majani matatu matatu unaotambaa kwenye miti msiuguse wala msiuchome, moshi wake nao unawasha.

Chupa za kioo haziruhusiwi mtoni, wala masanduku ya barafu ya povu jeupe. Soda iwe ya kopo. Sanduku la barafu lifungike, na mfuko wa taka ufungwe kwenye chombo. Usiku sanduku lifungwe kwa mkanda, rakuni, mnyama mdogo wa usiku wa huku, ana vidole kama mwizi wa soko.

La mwisho, ufunguo wa gari. Wenye kukodisha mitumbwi wanaweza kulipeleka gari lako Round Spring kabla hamjaanza, na ni bora kulipia hilo kuliko kumaliza mmelowa huku gari liko Akers. Ufunguo wa akiba uwe kwenye mfuko mdogo usiopitisha maji, umefungwa ndani ya mfuko wa nguo, si mfukoni mwa kaptula. Kama ni ufunguo wa rimoti, ujaribuni mfuko huo nyumbani kwanza: tia tishu kavu ndani, uzamishe kwenye ndoo nusu saa, utazame tishu.

Haya, tutoke nje. Mtumbwi tutauweka kwenye nyasi, wawili wawili, na wa tezi aje kwanza.