Askari wa damu na kadi ya CD19

Baba na mama mliofika, wanafunzi mliokaa hadi sakafuni, jambo kwenu.

Nianze na kadi ya mpiga kura. Hapa Lubumbashi karibu kila mtu mzima anatembea nayo, hata asiyejali uchaguzi, maana ndiyo kitambulisho chetu. Chembe B za damu nazo zina kadi yao, imebandikwa juu ya ngozi: CD19. Chembe hizo zikiharibika na kuzaana ovyo, tunapata ile lukemia, saratani ya damu, inayokamata watoto zaidi. Kadi inabaki palepale. Ila askari wetu, chembe T za kinga ya mwili, hawana jicho la kuisoma; wanaona ndugu, wanapita.

Mmoja wa waliowapa jicho hilo ni Carl June wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia. Alikuwa daktari wa jeshi la majini la Marekani, na alijifunza kukuza chembe T nje ya mwili akitafiti UKIMWI. Wazo la kuzipa jicho jipya lilikuwapo kabla yake. Zelig Eshhar wa Israeli alilianza miaka ya 1980. Unachukua chembe T za mgonjwa mwenyewe, unaziingizia jeni ya kusoma CD19, unazizalisha, kisha unamrudishia kwa mpira, kama serumu. Na gari linalobeba jeni hiyo? Virusi vya UKIMWI. Naona mmeshtuka. Vimenyang'anywa uwezo wa kuzaana, kikabaki kipaji kimoja: kuingia ndani ya chembe T na kushusha mzigo.

Watu wazima walitangulia, mwaka 2010. Mmoja wao, Doug Olson, miaka 10 baadaye askari wale walikuwa bado wamo damuni mwake. Lakini leo nataka tukae na Emily Whitehead.

Alikuwa na miaka 6, lukemia imemrudia mara mbili. Mwaka 2012 akapewa chembe zake. Baada ya siku chache homa ikapanda vibaya, presha ikaanguka, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Dawa ilikuwa inashinda, na ushindi huo ulikuwa unamuua. Askari wakiwa vitani hutoa protini za kuitana, na vipimo vilionyesha moja, interlukini-6, imepita kiasi kabisa. June alikuwa na binti mwenye ugonjwa wa viungo, ndiyo maana aliijua tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi inayoziba njia ya protini hiyohiyo. Wakaijaribu. Baada ya saa chache homa ikaanza kushuka. Emily aliamka siku aliyotimiza miaka 7.

Nikifundisha, hapa huwa nachelewa, na wanafunzi wangu wanalijua hilo. Mtoto aliokolewa na jambo ambalo baba mmoja alilijua kwa sababu ya viungo vya binti yake.

Agosti 2017 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo ya chembe T. Bei ya wakati huo: dola 475,000 kwa mgonjwa. Mzee wa nyuma amecheka. Ana haki, hata kule Golf, mtaa wa matajiri wetu, sijui nani angelipa. Na haiponyi wote. Kuna chembe za saratani zinazotupa kadi, CD19 haionekani tena, askari wanapita kama zamani. Mwaka 2023 India iliidhinisha ya kwao, iliyotengenezwa Mumbai, kwa karibu sehemu ya kumi ya bei hiyo. Bado ni nyingi, lakini hiyo ndiyo njia ninayoitazama.

Kwetu ugonjwa unatushinda mapema zaidi. Mtoto amepauka, ana homa, ana michubuko. Tunatibu malaria, tunarudia, tunarudia tena. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nikiwa kijana, kabla sijaweka tone la damu yake chini ya darubini. Askari wa June waliundwa kwa ajili ya wale ambao kemotherapi imewashindwa. Katika nchi tajiri watoto wengi wenye lukemia hii hupona kwa kemotherapi peke yake, na mojawapo ya dawa zake, vinkristini, ilitoka kwenye ua la Madagaska, lile la waridi au jeupe tunalopanda uani. Lipo hata pale mlangoni, mtaliona mkitoka. Tafadhali msilichemshe, ni sumu.

Mama wa mstari wa tatu, mkono wako uko juu tangu niseme UKIMWI. Karibu, uliza.